Mabeseni Kumi na Mawili

Jumapili, mchana

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo Baba. Mpe na Mama shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua: utaisoma barua hii kimoyomoyo mpaka mwisho, naye amesimama mlangoni na mwiko mkononi akiuliza nimesema nini. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Na ile miwani uliyoifunga kwa uzi, umeshaipeleka kwa fundi, au bado unashikilia kwamba uzi una nguvu kuliko msumari? Sisi huku hatujambo. Mkweo yuko safarini na lori lake, anawasalimu sana, na anasema akirudi atalala siku mbili asiamshwe hata kwa moto. Nimemwambia asubiri foleni, mimi niko mbele yake.

Ningeweza kupiga simu, lakini simu kwenu ni ya Mama. Wewe huishia kupewa dakika ya mwisho ya kusema haya, haya, Mungu awabariki. Haya ninayotaka kukueleza yanahitaji mtu aketi. Ndiyo maana nimeshika kalamu sasa hivi, mjukuu wako akiwa amelala mchana huu kifudifudi kama aliyedondoka kutoka mahali. Ana meno mawili, Baba. Mawili tu, lakini anayatumia kama ana thelathini. Kule kazini wamempa jina la Hamira, kwa sababu wanasema kila ukigeuka unakuta ameongezeka, na hivi karibuni atamwagika kwenye kapu.

Katika barua iliyopita niliwaandikia kwamba huenda mwisho wa mwezi nikamleta mtoto kwenu akae na Mama mpaka mambo yangu ya kazi yatulie. Nimesikia Mama ameshatoa kile kitanda kidogo stoo, amekipiga sabuni, amekianika. Kwa hiyo nianze mwanzo kabisa, ili mwelewe tulifika wapi na tumetokaje.

Niliporudi bekari baada ya uzazi, Mzee wa Tanuri, ndivyo tunavyomwita mwenye bekari kwa kuwa hakuna anayemgusia tanuri lake, alinikubalia nije na mtoto kwa sababu ananyonya. Aliniambia nimweke popote pasipo njia ya watu. Nikaona nyuma ya tanuri kuna kona kavu, ukuta wake una joto kama kifua cha mtu, nikasogeza vyombo, nikaweka kapu pale. Hamira alilala usingizi ambao nyumbani hajawahi kunipa hata kwa kumwomba. Mimi nikarudi mezani kukanda na mwenzangu Kipara, yule niliyewahi kukuambia hana unywele hata mmoja ila hunyoa kila Jumamosi kwa ajili ya heshima.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Wiki ya pili mikate ikaanza kulala. Sijui niseme vipi kingine. Unaweka kwenye kibati, unasubiri iumuke, yenyewe imetulia tu kama wageni waliokuja msibani. Ikitoka tanurini ni mifupi, mizito, ukiigonga inalia ko-ko. Mwenye mgahawa wa mtaa wa pili alirudisha mikate ishirini asubuhi moja, akasema alidhani amekuja kununua mkate, kumbe ameuziwa tofali la kujengea. Dada anayeuza kaunta, ambaye ana ulimi mkali kuliko kisu chake cha mikate, alimjibu kwamba tofali lingemgharimu zaidi. Lakini aliporudi ndani hakuwa anacheka.

Ndipo Mzee akaanza kuitazama mikono yangu.

Baba, si mtu mbaya. Naomba ulielewe hilo. Aliyemfundisha kazi alimfundisha pia kwamba mkono wa mwanamke anayenyonyesha ni mzito, kwamba donge na maziwa ya mama huoneana wivu, havikai chumba kimoja. Ameishi na neno hilo miaka yote kama wewe unavyoishi na goti lako. Aliniita pembeni, akazungumza kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. Akasema mikate isipopona mpaka mwisho wa mwezi, itabidi nikae nyumbani hadi nimwachishe mtoto ziwa, kisha nafasi yangu ikiwa bado ipo, nirudi. Nilijua maana yake. Kuna wasichana watatu kila wiki wanaopita kuuliza kazi. Bila ujira wangu chumba hiki hatukiwezi. Nami nikitafuta kibarua kingine, hakuna atakayenipokea na kapu mkononi. Usiku huo ndio nilipowaandikia ile barua.

Kila mtu bekari alikuwa na mchawi wake. Kipara alisema ni magunia mapya ya unga, kwa sababu yalifika siku ileile niliyorudi mimi, na akaongeza kwamba gunia halina mdomo wa kujitetea, kwa hiyo kesi imekwisha. Dada wa kaunta alisema ni baridi, maana msimu ulikuwa umegeuka na hata yeye alikuwa anauza kajifunga khanga mbili. Mzee akawasikiliza wote, kisha akasema neno lake moja: mikate haikuwahi kulala kabla huyu hajarudi. Nikarudi kukanda, machozi yakaingia kwenye unga, nikajiambia angalau leo chumvi itatosha.

Nikiwa katika hali hiyo nikakukumbuka, Baba. Nilikuona na lile koti lako la kazi, umetoka maabara ya shule kuosha mirija ya watoto wa watu, unaketi kibarazani na kutuambia mambo mawili yakija pamoja usiyape ndoa haraka. Nikahesabu vidoleni: wiki hizo nilirudi mimi, yalikuja magunia mapya, ilikuja baridi. Mambo matatu kwa mara moja, na Mzee amemkamata mmoja kwa sababu ndiye mwenye miguu. Basi nikafuta mikono, nikamwendea pale mdomoni pa tanuri, nikamwambia kwa heshima zote kwamba mimi na yeye tukibishana hatutamaliza, tuliulize donge lenyewe.

Alicheka. Akauliza donge linajibu lugha gani. Nikamwambia linajibu kwa kimo.

Nikamweleza kama ulivyotueleza. Kwanza swali moja tu, na swali ni mkono wangu. Kwa hiyo mimi na Kipara tukande unga wa gunia moja, tupime kwa mizani moja, maji ya birika moja, hamira ya pakiti moja, chumvi kijiko kilekile, na muda wa kukanda tuangalie saa ya ukutani. Kitofautiane kimoja tu, mkono. Kipara akauliza kama anyonyeshe au asinyonyeshe. Nikamwambia hapo ndipo tofauti ilipo, asituharibie. Pili, si beseni moja moja. Beseni moja ni bahati, hata saa iliyokufa inapatia mara mbili kwa siku. Tukakubaliana sita yangu na sita yake, kilo moja kila beseni.

La tatu ndilo lililoleta maneno. Nilimwambia Mzee kwamba yeye ndiye atakayepima, lakini asijue lipi la nani. Alivimba kuliko mikate yetu yote ya mwezi. Akasema kwa umri huu, katika bekari yake, na donge lake, afichwe? Nikamwambia, Mzee wangu, simaanishi kwamba utadanganya. Ila jicho huona lilichokwisha kuamua, na mkono hulisaidia jicho. Hata mama akipima watoto wake urefu, kidole kinateleza kwa kitindamimba. Dada wa kaunta akasema ni kweli, yeye mwenyewe akijipima kiuno kamba hujivuta. Mzee akakubali kutoka nje, lakini kwa sharti la kutoka na kiti.

Na la nne niliomba tuandike kabla hatujaanza, ili baadaye mtu asihamishe goli. Mzee akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya gunia: madonge ya mzazi yakipungua kidole kimoja, anakwenda nyumbani, yasipopungua, neno la mkono mzito halisemwi tena humu. Akaibandika ukutani kwa donge bichi. Ikashika, jambo ambalo Kipara alisema ni ushahidi kwamba lile donge lina faida fulani.

Siku yenyewe tulikanda asubuhi, jasho likitutoka kama tuko tanurini. Dada wa kaunta akakunja vikaratasi kumi na viwili vyenye namba, akavitikisa kwenye kofia ya Kipara, kila beseni likachukua namba yake, naye akaandika kwenye daftari lake lipi la nani, akalifungia kwenye droo. Tukafunika kila beseni kwa kitambaa chenye unyevu. Dada akarudi kwa wateja, Kipara akaenda kuosha mikono na kuleta kuni, Mzee yuko nje anasinzia kwenye kiti chake. Baada ya saa moja tukamwita. Alikuta mabeseni yote kumi na mawili yamejipanga kwenye benchi refu chini ya dirisha. Akachukua kijiti tulichokichonga alama kila kidole, akachomeka, akasoma, dada akaandika kwenye karatasi. La nne, alama tatu. La tisa, alama moja. La pili, alama tatu na kitu.

Daftari lilipofunguliwa, Baba, sita yaliyoumuka yote yalikuwa yangu, na sita yaliyolala yote ya Kipara.

Ungesikia kelele. Dada wa kaunta aliacha wateja, akaja kumuuliza Kipara amejifungua lini na kwa nini hakutualika. Mteja mmoja mzee, hata hajui kilichotokea, alimpa hongera na kumuuliza ni wa kike au wa kiume. Mzee wa Tanuri alivua kofia, jambo ambalo hulifanya kwa ajili ya misiba tu, akaniambia mbele ya wote kwamba amenikosea. Nilimnyanyua Hamira, nikazunguka naye, naye akanitapikia begani. Nilikuwa nimepona. Nilipanga jioni ileile niwaandikie kwamba kitanda kirudi stoo.

Sikuandika. Siku ya pili kalamu ilikuwa hapahapa mezani, sikuandika. Kwa sababu mikate iliendelea kulala.

Mzee alisema kama mkono wangu ndio mwepesi, basi nikande yote peke yangu. Nikakanda yote. Ikalala. Mgahawa ukarudisha tena. Mzee akakuna kichwa, akatazama ile karatasi ukutani, akatazama daftari, kisha akamtazama Kipara. Akasema labda mkono mzito huambukiza. Labda akigusa tu kitambaa inatosha. Akamtoa mezani. Kipara aliyenitetea, Kipara aliyesema gunia halina mdomo, akapewa ufagio na kuambiwa asikaribie unga mpaka itakapojulikana. Aliupokea kwa mzaha. Alisema mama mzazi anastahili siku arobaini za kupumzika, ahsanteni. Lakini nilipopita uani kumwaga maji nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amekunjua viganja vyake, anavitazama mbele na nyuma, kama mtu aliyeazimwa mikono asiyoijua.

Sasa Baba, hapa ndipo nilipotaka uketi.

Niliiba. Lile jaribio nililipanga kwa mafundisho yako yote, kisha nikaliibia mahali pamoja.

Wakati Mzee yuko nje, na dada yuko kaunta, na Kipara yuko kwenye kuni, niliyebaki na mabeseni ni mimi. Hamira alikuwa ameamka, nikamfunga mgongoni, kona ile ya nyuma ya tanuri ikabaki tupu. Nikayachukua mabeseni yangu sita, nikayapanga pale penye joto. Ya Kipara nikayaacha chini ya dirisha linalopitisha upepo. Ile saa moja ilipokaribia kwisha nikayarudisha yangu kwenye benchi, nikayachanganya na ya mwenzangu, ndipo nikaita. Sikupanga tangu nyumbani, lakini nisijitetee. Nilijua pana joto. Nilichokuwa nakiona mbele yangu ni Hamira anakwenda kulala mbali nami na ziwa limejaa, basi.

Na ndani ya wizi huo mlikuwa na jibu lenyewe. Nilipomwona Kipara na viganja vyake ndipo lilipojitokeza lote. Mikono yetu ni ileile. Kilichoinua mabeseni yangu ni kona. Na kona ile, Baba, ndiyo madonge yalikokuwa yanaumukia miaka yote kabla sijarudi! Niliyeyahamisha ni mimi, siku ya kwanza, asubuhi, peke yangu, nikayapeleka chini ya dirisha ili kapu lienee. Kipara alidhani ni amri ya Mzee. Mzee, ambaye hukaa upande wa mdomo wa tanuri, alidhani ni akili ya Kipara. Wiki ya kwanza kulikuwa na joto, hata chini ya dirisha mikate iliumuka. Baridi ilipokuja, ikalala. Mwanangu ndiye aliyekuwa amelala kwenye kitanda cha mikate, yeye anaumuka, mikate inanywea.

Nikisema, Kipara anapona. Nikisema, kona inarudi kwa madonge, na mimi sina pengine pa kumweka mtoto, achilia mbali kwamba Mzee ana haki ya kunifukuza kwa udanganyifu. Nilikaa na jambo hilo siku moja nzima. Nilimnyonyesha Hamira, akaning'ata kwa yale meno mawili, nikasema sawa, nimeelewa.

Niliwaita wote watatu nikawaambia, hivihivi nilivyokuandikia, bila kupamba. Hakuna aliyecheka. Mzee alikwenda kuchungulia tanuri lake, akarudi. Kisha akasema kwamba atanikasirikia mpaka kesho saa sita mchana, na nisimsemeshe kabla ya hapo. Kipara akauliza kama ina maana yeye hakuwahi kujifungua. Akasema ni pigo, alikuwa ameshachagua jina. Halafu akaenda kunawa mikono, akaisugua mpaka viwiko, akasimama mezani, na kwa jinsi alivyolipiga lile donge la kwanza nilijua ni kichwa cha nani alichokuwa anakiona.

Kesho yake saa sita kamili Mzee akanijia. Akasema turudie, lakini safari hii wizi usiwe na mlango. Hapo nikaona nimempata mwanafunzi, Baba, na nusura nijute. Alitaka tupime kona na dirisha, na unga wa zamani uliobaki nusu gunia, na chumvi, na kama kuimba wakati wa kukanda kunasaidia, vyote siku moja. Ilibidi niwe mkali. Nikamwambia Mzee, swali moja kwa siku. Ukiwaita mashahidi watano waseme pamoja utasikia kelele tu. Akanung'unika, lakini akaandika maswali mengine kwenye karatasi ili yasubiri zamu.

Swali letu likawa mahali, na mikono tukaigawa sawa. Mabeseni kumi na mawili tena: sita yangu na sita ya Kipara, lakini safari hii kura iliamua pia matatu ya kila mmoja yaende kwenye kona, na matatu dirishani. Aliyeyapeleka na kuyarudisha ni dada wa kaunta, mimi na Kipara tukiwa tumetolewa nje kama wanafunzi wakorofi, tumeketi na Mzee kwenye jua. Hakuna aliyekanda aliyegusa, hakuna aliyepima aliyejua. Tena tulifanya asubuhi tatu mfululizo, kwa sababu Mzee mwenyewe alisema, kama vile ameligundua yeye, kwamba asubuhi moja inaweza kuwa ya bahati.

Asubuhi zote tatu, mabeseni ya kwenye kona yalifika alama ya tatu, na ya dirishani hayakuvuka ya kwanza na nusu. Kati ya mkono wangu na wa Kipara hapakuwa na kitu: leo wangu umezidi unywele, kesho wake. Kipara alisema wa kwake hauwezi kuzidi unywele, hana.

Mzee alisogea ukutani kwenye ile karatasi ya kwanza. Nilidhani anaichana. Akaomba kalamu. Chini ya maneno yake ya zamani akaandika: mkono wa mzazi hauna uzito wowote, tumepima. Akatuambia kwamba miaka mingi nyuma palikuwa na dada mwingine, mkandaji hodari, ambaye yeye Mzee alimwambia akae nyumbani kwa sababu hiyohiyo, na hakupima. Sasa dada huyo ana watoto wakubwa, wanauza viatu sokoni. Mchana ule alivaa shati safi, akachukua mikate miwili ya kona, mirefu, laini, akaenda kumtafuta. Sijui waliongea nini. Alirudi bila mikate na akiwa na ndala mpya, akasema amelazimishwa kuzinunua kwa bei ya watalii na kwamba alistahili.

Na Hamira? Nilikuwa nimeshaanza kukunja vitambaa vyake siku ile ile, nikijua safari imefika. Dada wa kaunta akaniuliza ninakwenda wapi na mtoto wake. Akamnyakua kapu na vyote, akamweka nyuma ya kaunta, pale jua linapoingia kupitia kioo kuanzia asubuhi hadi alasiri. Hakuna moto, hakuna unga, hakuna upepo. Sasa anasalimia wateja kwa mate. Mzee anaapa kwamba tangu akae pale mikate inauzwa haraka. Nikamwambia hilo nalo halijapimwa. Itabidi wiki moja akae, wiki moja asikae, tulinganishe. Dada wa kaunta akasema jaribio hilo halitafanyika akiwa hai, na kama sayansi inamtaka wiki ya pili, sayansi ije imchukue yenyewe.

Kwa hiyo Mama akirudishe kitanda stoo, lakini asikifunike sana, maana tutakuja kuwaona mkweo akirudi na kulala zile siku zake mbili. Kazi yangu ipo. Mikate inasimama. Mimi bado nasinzia nikiwa nimesimama, lakini nasinzia kwa furaha.

Limebaki moja, Baba, na hili ni lako peke yako. Mama mwambie hapa nimeandika salamu za majirani.

Unakumbuka yale makopo mawili tuliyopandia maharage, nilipokuwa na miaka tisa? La Kaka uliliweka dirishani, langu ukaliweka ndani ya kabati lenye giza, ili tuone mmea bila mwanga unakuwaje. La kwangu likaota kijani, limenona kuliko la Kaka. Ulishangaa. Uliandika kwenye lile daftari lako la jalada jeusi, ukaenda kuwaambia walimu wa shule, wale uliokuwa unawaoshea mirija. Walicheka. Ulirudi jioni ukamwambia Mama, nami nilikuwa nyuma ya mlango, kwamba wacheke watakavyo, ulichokiona umekiona, na binti yako hadanganyi.

Baba, kila siku mlipotoka nilikuwa nalitoa kopo kabatini, naliweka juani, na kulirudisha kabla hujafika. Sikutaka la Kaka linishinde. Miaka yote hii nimelibeba kopo lile, na nadhani ndilo lililonifundisha njia ya kwenda kwenye kona. Nisamehe. Walimu wale walikucheka kwa ajili yangu.

Najua daftari lipo, hujawahi kutupa karatasi. Lifungue ukurasa ule. Usiuchane, wala usifute kwa raba. Ulitufundisha kwamba kosa huchorwa mstari mmoja tu ili liendelee kusomeka. Chora mstari wako, Baba, na pembeni uandike kwa mkono wako mwenyewe: kopo lilihamishwa na binti yangu, amekiri. Weka na tarehe ya leo.

Hamira ameamka, ameshaiona karatasi hii na anakuja kuionja, kwa hiyo nifunge kabla hajafika. Msalimie Kaka, mwambie maharage yake ndiyo yaliyoshinda. Mkumbatie Mama kwa niaba yangu hata kama atakuuliza umepatwa na nini. Na hiyo miwani ipeleke kwa fundi.

Ni mimi binti yako ninayekupenda,
anayekanda kwa mkono mwepesi kama wa mtu mwingine yeyote,
Mama Hamira